Kuotesha na kutunza dungusi la nyota katika hewa ya Malindi

Anayeishi Malindi huambiwa mara nyingi kwamba mmea wa jangwani hautamsumbua, maana jua analo na mchanga anao. Mimi niliambiwa hivyo, nikaamini, na miche yangu 18 ya kwanza ikaoza yote katika majuma mawili ya masika. Haikufa kwa kiu wala kwa kuungua. Ilikufa kwa sababu joto letu la pwani lina maji ndani yake, ilhali joto ambalo mmea huu umelizoea ni kavu mchana na hupungua usiku. Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya dungusi kakati, dogo, lisilo na miiba na lililo adimu hata kwao, ambalo wataalamu huliita Astrophytum asterias na ambalo hapa nitaliita dungusi la nyota. Nitaanza na umbo lake, kwa kuwa karibu kila uamuzi wa mtunzaji, wa lini atie maji na lini azuie mkono wake, husomwa katika umbo hilo.

Umbo lake na jinsi ya kulisoma

Jenasi ya Astrophytum ilipewa jina na Mfaransa Charles Lemaire mwaka 1839, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la nyota na jingine la mmea. Jina la pili, asterias, nalo lina maana ya kitu chenye mfano wa nyota, na ndilo hilohilo walilopewa kiti cha pweza wa bahari za kaskazini. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa zaidi, maana akilitazama dungusi hili kutoka juu atakumbuka yale maganda meupe ya duara yenye mchoro wa nyota ambayo watoto huokota ufukweni maji yakipwa. Aliyelieleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Joseph Gerhard Zuccarini wa Munich, mwaka 1845, kutokana na mimea iliyoletwa na msafiri Karwinski kutoka Meksiko, na Lemaire akalihamishia katika jenasi yake ya sasa mwaka 1868. Baadaye lilitoweka machoni mwa wakusanyaji wa Ulaya mpaka Mcheki Alberto Vojtěch Frič alipolipata tena Meksiko mwaka 1923. Kwao ni eneo dogo, yaani majimbo ya Tamaulipas na Nuevo León ya Meksiko, na ng'ambo ya mto Rio Grande, katika wilaya ya Starr ya jimbo la Texas.

Shina lake ni moja, halina matawi wala majani, na ni bapa kama mkate wa kumimina uliokosa kuumuka. Mmea mkubwa hufika kipenyo cha sentimita 15 hivi, ingawa mingi huishia chini ya hapo, na kimo chake juu ya ardhi ni sentimita chache tu. Mifereji myembamba huligawanya duara hilo kuwa mbavu pana, kwa kawaida 8, na katikati ya kila ubavu hupita mstari wa vishada vya sufi vilivyojipanga kama vifungo vya kizibao. Kila kishada ni areoli, kiungo kinachoitambulisha jamii nzima ya madungusi, na kwa ndugu zake wengi hapo ndipo miiba inapotokea. Kwa dungusi la nyota miiba haitoki, hubaki sufi tu, na maua huchipuka kwenye areoli changa zilizo karibu na utosi.

Ngozi yake ya kijani, ambayo juani huelekea rangi ya kahawia, imenyunyiziwa madoa meupe. Madoa hayo si ukungu wala ugonjwa. Ni vishungi vya nywele fupi sana, yaani trikoma, na ni sehemu ya mmea wenyewe. Nilipata kumwona mtu akiyasugua kwa mswaki kwa nia njema kabisa, na mmea wake ukabaki na makovu ambayo hayakuondoka tena. Mmea mmoja huwa na madoa machache, mwingine huwa nayo mengi hadi ukaonekana mweupe. Wajapani, ambao wamelizalisha dungusi hili kwa miongo mingi, hulilinganisha na kofia ya chuma ya askari wao wa kale na kuliita kabuto, na wamechagua mbegu zinazotoa madoa makubwa yaliyosongamana. Mimea hiyo ni ya kupendeza, lakini anayetaka kujifunza botania ya aina hii namshauri aanze na ile ya kawaida, kwa kuwa ngozi inayoonekana ni rahisi kuisoma.

Mifereji baina ya mbavu ndiyo kipimo cha maji. Mmea ukishiba, mbavu hufura na mifereji huwa mistari tu. Ukipungukiwa, mbavu hubonyea, mifereji huzama, na shina zima hujivuta chini. Kwao, wakati wa ukame mkali, huzama mpaka likalingana na uso wa ardhi, vumbi na changarawe zikalifunika, na mtu akaweza kulikanyaga bila kujua. Kujizika huko hulipunguzia jua na upepo, na pia hulificha na wanyama, ambao wangelipata kwa urahisi kwa kuwa halina mwiba wa kujitetea. Kwa hiyo mtunzaji anayeona dungusi lake limebonyea asishtuke. Kubonyea kwa mmea mgumu wenye rangi njema ni mapumziko. Kinachotisha ni ulaini unaoanzia chini, shingoni, ambapo shina hukutana na udongo, hasa udongo huo ukiwa bado una unyevu.

Lipo jambo moja la kutahadhari wakati wa kununua. Upo mmea wa Afrika Kusini, Euphorbia obesa, wa nyanda kavu za Karoo, ambao nao ni mviringo, hauna miiba na mara nyingi una mbavu 8, hata ukauzwa kwa jina la dungusi. Ukoo wake ni ule wa mnyaa wetu, na ukijeruhiwa hutoa utomvu mweupe unaochoma macho kama wa mnyaa. Hakuna haja ya kuutoboa ili kujua. Tafuta vishada vya sufi katikati ya mbavu, na usipoviona, ulichoshika si dungusi, hata muuzaji aape vipi.

Mmea unaopumua usiku

Mimea mingi hufungua vitundu vya ngozi yake, yaani stomata, mchana, ikavuta hewa ya kaboni kwa ajili ya usanisinuru huku ikipoteza maji. Dungusi la nyota, kama madungusi mengi, hufanya kinyume. Hufungua stomata usiku, wakati hewa imepoa na haikaushi sana, likahifadhi kaboni hiyo ndani ya seli kwa umbo la asidi. Kukipambazuka hufunga milango na kuitumia asidi hiyo mchana kutwa kutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Ndiyo sababu linaweza kuishi mahali penye mvua ya takriban milimita 500 kwa mwaka, tena isiyo na ratiba.

Mpango huu hutegemea usiku ulio baridi kuliko mchana, na hapo ndipo Malindi inapotofautiana na Texas. Kwetu mwezi wa Machi, usiku wa manane, mtu bado anajipepea. Usiku wa joto hulifanya dungusi litumie zaidi akiba yake na livute kidogo, nalo hukua polepole na kunywa polepole. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba wakati wa joto mmea huu unyweshwe kwa ukarimu, na kwao ni sawa, maana joto lao huandamana na usiku mwepesi. Kwetu joto likizidi ndipo maji yapunguzwe. Ingekuwa ni lazima nichague agizo moja tu la kumwachia msomaji, ningechagua hilo.

Kupata mbegu kwa njia halali

Dungusi la nyota limo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 1987, na Marekani ililiorodhesha kuwa mmea ulio hatarini kutoweka mwaka 1993. Sababu ni kadhaa: mashamba na malisho yamekula makao yake, wakusanyaji wameling'oa, na huko Texas hukatwa pia kimakosa na wachumaji wa peyote, dungusi jingine lisilo na miiba ambalo hutumika katika ibada za wenyeji wa asili wa Marekani. Kwa mmea wa kiambatisho hicho, mbegu nazo huhesabiwa pamoja na mmea. Anayetaka kuagiza kutoka nje anapaswa kupata kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla shehena haijaondoka huko inakotoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo, na kwa upande wa CITES aulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mlolongo huu huchosha. Njia nyepesi ni kutafuta mtunzaji aliyeko nchini ambaye mimea yake imezaa, ukapewa au ukanunua mbegu 10 au 20. Mmea mkubwa wenye makovu, mbavu zilizopinda na mizizi iliyokatwa, unaouzwa bila karatasi yoyote, uache ulipo.

Kusia mbegu

Mbegu ni za kahawia iliyoiva, zinang'aa, zina ukubwa wa milimita 2 hadi 3, ambao ni mkubwa kwa madungusi, na umbo lake ni la kofia iliyopinduliwa, yenye mdomo mpana. Huota upesi. Mbegu mpya katika joto la nyuzi 25 hadi 30 huweza kupasuka siku ya tatu, na kwa jambo hili Malindi inawashinda watunzaji wa Ulaya, ambao huwasha mitambo ya kupasha joto ili kupata kile ambacho sisi tunacho kibarazani.

Chukua kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko kinachopitisha nuru, utoboe matundu chini, ujaze udongo wa aina nitakayoieleza baadaye lakini uliochekechwa ukawa laini zaidi. Udongo huo upike kwanza kwa mvuke katika sufuria kwa nusu saa, uache upoe ukiwa umefunikwa. Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka, na kuvu iliyokuwa udongoni ikamaliza nusu ya kopo katika usiku mmoja. Loweka mbegu kwa dakika 5 katika maji yenye matone machache ya klorini ya kufulia, uzisuuze, kisha uzipange juu ya udongo na kuzikandamiza kidogo bila kuzifukia. Nyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, na uweke mahali penye nuru isiyo ya jua moja kwa moja.

Kwa kuwa mbegu huota haraka, mara nyingine mzizi hutangulia kutoka ukakosa kupenya, na mche ukalala ubavu kama kijidudu cha kijani. Toboa shimo dogo kwa ncha ya chelewa, uelekeze mzizi ndani, na uusindikize kwa chembe chache za mchanga. Kazi hii inahitaji macho na subira, nami humwachia binti yangu, ambaye ana vyote viwili. Baada ya majuma mawili anza kuinua kifuniko kwa saa chache kila siku, na kufikia juma la nne kiondolewe kabisa. Vitabu hutaka kikae muda mrefu zaidi, lakini hewa yetu yenyewe ni kifuniko tosha, na miche iliyofungiwa sana hufunikwa na mwani wa kijani kisha ikaoza. Usisie wakati wa masika. Anza Julai au Agosti, ili miche ipate miezi ya upepo kabla ya vuli.

Mwisho wa mwaka wa kwanza mche huwa na kipenyo cha sentimita moja hivi. Anayetaka mmea wa kuonyesha wageni Idi ijayo atafute mmea mwingine.

Udongo na chungu

Kwao dungusi la nyota huishi katika udongo wenye mfinyanzi, changarawe na chumvichumvi kidogo, mara nyingi kwenye kivuli chepesi cha vichaka. Mtu akisoma hivyo hushawishika kuiga, akachanganya mfinyanzi ndani ya chungu. Asifanye hivyo hapa. Mfinyanzi ule hukaushwa upesi na hewa ya nyika, ilhali Malindi, inayopata mvua mara mbili ya ile na zaidi, chungu chenye mfinyanzi hubaki na unyevu siku nyingi. Tunachoiga ni kasi ya kukauka, na kasi hiyo kwetu hupatikana kwa changarawe.

Mimi huchanganya sehemu tatu za chenga za kokoto za milimita 3 hadi 5, zilizooshwa mpaka maji yakatoka meupe, sehemu moja ya mchanga mnene wa mto, na sehemu moja ya udongo wa majani makavu yaliyooza vizuri na kuchekechwa. Kwa anayesafiri bara, lile jiwe jepesi la volkeno linalochimbwa Bonde la Ufa ni bora kuliko kokoto, maana linashika maji kidogo ndani yake huku likiacha hewa ipite. Mchanga wa ufukweni usitumike. Hata ukioshwa mara tatu huwa umebakiza chumvi, tena chembe zake ni laini mno na hushikana. Vipande vya matumbawe vilivyopondwa, vinavyobaki mafundi wanapochonga mawe ya kujengea, vinafaa kwa kiasi kidogo, konzi moja kwa ndoo, vikiwa vimenyeshewa na mvua ya msimu mzima. Dungusi hili halichukii chokaa iliyo katika jiwe. Chokaa ya kupakia ukuta ni habari nyingine, na itaunguza mizizi. Nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo hapa hazina bei, hunyonya maji na kuyashikilia, kwa hiyo nimeziacha kwa ajili ya maua mengine.

Chungu kiwe cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi, chenye tundu kubwa chini, na kizidi upana wa mmea kwa sentimita 2 tu. Chungu kikubwa ni ziwa la maji ambalo mizizi haiyafikii. Kiinue juu ya vipande vya vigae ili upepo upite chini yake. Unapopanda, acha shingo ya mmea juu kidogo ya udongo, kisha uizungushie kokoto tupu kimo cha kidole kimoja, ili maji yasikae mahali pale panapooza kwanza.

Maji kwa kufuata pepo

Kalenda ya miezi haitoshi kumwongoza mtunzaji wa pwani. Afuate pepo. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na mvua kukatika, mchana huwa wa joto kali lakini chungu hukauka upesi. Wakati huo mimi hunywesha mara moja kila siku 12 au 14, asubuhi mapema, ili uso wa udongo uwe umekauka magharibi ikiingia. Masika yanapotanda, kuanzia Aprili, na hasa Mei, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi, huacha kunywesha kabisa na kuingiza vyungu vyote chini ya paa linalopitisha nuru. Mimea hubonyea, mifereji huzama, na wageni huniuliza kama imekufa. Haijafa. Majuma 8 au 9 ya ukavu huyafanya madungusi haya yalale, na kwa maoni yangu usingizi huo ndio unaochukua nafasi ya majira ya baridi ya kwao, yaliyo makavu na yenye usiku wa baridi ambao Malindi haijapata kuuona.

Kipupwe kikiingia, kati ya Juni na Agosti, kusi huvuma bila kukoma na usiku hushuka hadi nyuzi 22 au chini yake kidogo. Huo ndio wakati wetu bora. Anza na maji machache, siku mbili tatu baada ya anga kutakata, kisha baada ya juma moja tia maji kamili mpaka yatoke chini. Utaona mbavu zikijaa ndani ya siku chache, na huo ndio uthibitisho kwamba mizizi imebaki hai. Endelea kila siku 8 hadi 10 mpaka Oktoba. Vuli ikianza, rudi chini ya paa, unyweshe tu pale ambapo siku kavu zimefuatana.

Kipimo changu ni njiti ya chelewa iliyochomekwa kando ya chungu hadi chini. Huivuta na kuiweka shavuni. Ikiwa na ubaridi, au chembe za udongo zimeigandia, siku hiyo hakuna maji, hata kama siku zilizopangwa zimetimia. Mwenye kusahau asiwe na hofu, maana sijapata kuona dungusi la nyota la mtu mvivu likioza.

Maji yenyewe yana umuhimu wake. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya chunguni kila maji yanapokauka, ikaonekana kama ukoko mweupe kwenye ukingo. Kinga maji ya mvua ya masika katika pipa lililofunikwa, yatakutosha mwaka mzima kwa mimea 20. Lamu, ambako maji matamu yametegemea kwa muda mrefu mvua inayochujwa na machuguu ya mchanga ya Shela, mtu ana sababu zaidi ya kutoyapoteza. Mwenzangu wa Lamu anayetunza madungusi juu ya dari ya nyumba yake hukabiliana pia na mvuke wa chumvi unaoletwa na kusi, naye huyapangusa kwa maji ya mvua mara moja kwa mwezi, asubuhi ya jua, kwa brashi laini, akiepuka utosi.

Jua na mahali pa kuweka

Mmea huu hupenda nuru nyingi iliyochujwa. Jua la asubuhi hadi saa nne halina madhara. La kuanzia saa tano hadi saa tisa lipitie wavu wa kivuli unaozuia karibu nusu ya mwanga. Paa la makuti halifai, kwa kuwa ni giza mno na hudondosha maji siku nyingi baada ya mvua.

Kuna hila moja ambayo mji wetu unaitoa bure. Malindi iko nyuzi 3 kusini ya ikweta, hivyo jua hupita utosini katikati ya Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba. Kati ya Aprili na Septemba huwa upande wa kaskazini, ambao kwetu ndio upande wa kibla, na miezi iliyobaki huwa kusini. Kibaraza kinachoelekea kibla, basi, hupata jua katika miezi ya kipupwe, wakati dungusi linakua, na hupata kivuli chenye nuru katika miezi ya kaskazi, wakati jua linaunguza. Nilipohamishia vyungu vyangu huko, madoa ya kuungua yalikoma bila mimi kununua wavu wowote.

Wadudu

Adui mkubwa ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, ambao kwenye mmea huu hujificha vizuri kwa kuwa nao una sufi nyeupe. Tazama kwa kioo cha kukuza katika mifereji na shingoni, uwaguse kwa kijiti chenye pamba iliyolowekwa spiriti, jioni, na urudie baada ya juma moja. Wale wa mizizini hugunduliwa tu kwa kung'oa mmea, jambo ambalo nalifanya kila baada ya miaka miwili ninapobadili udongo.

Kuokoa mmea kwa kubebesha

Shingo ikianza kuoza, kata shina kwa kisu kilichopanguswa spiriti, ukipanda juu kidogo kidogo mpaka ndani kuwe kweupe bila alama ya kahawia. Katikati ya mkato utaona pete ya mishipa. Chukua kipande cha lile dungusi la pembe tatu linalotambaa na kuzaa matunda mekundu, ambalo sasa wakulima wengi wanalipanda, ulikate kichwa, na uweke kipande chako juu yake ili pete hizo mbili zigusane walau upande mmoja. Funga kwa mpira mwembamba, weka kivulini siku 10 bila kuinyunyizia maji. Pembe tatu hiyo hustahimili unyevu wetu kuliko shina lolote jingine nililojaribu. Hata hivyo sibebeshi mmea mzima wa afya. Ukibebeshwa hukua haraka, hufura na kuwa kama mpira, nao huupoteza ule ubapa ambao ndio uliotufanya tuupende.

Maua, chavua na mbegu zako mwenyewe

Mmea uliooteshwa kwa mbegu huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua, mara nyingi ukifika kipenyo cha sentimita 3 au 4. Ua ni la manjano iliyokolea, lenye moyo wa rangi ya chungwa hadi nyekundu, lina upana wa sentimita 5 hivi na mara nyingine hulizidi shina lililolizaa. Hufunguka jua likiwa kali na kufunga jioni. Kwao huchavushwa na nyuki, hasa nyuki wanaoishi mmoja mmoja wa jenasi ya Diadasia wanaopendelea maua ya madungusi. Kwangu nyuki wa hapa huja, lakini siwategemei.

Chavua ya mmea mmoja hairutubishi ua la mmea huohuo. Inakubidi uwe na mimea miwili isiyo pacha, iliyochanua siku moja, na hii ndiyo sababu namshauri kila anayeanza aoteshe mbegu 10 badala ya kununua mmea mmoja wa bei kubwa. Kwa brashi ndogo ya rangi, kati ya saa sita na saa nane mchana, gusa stameni, yaani vijiti vyenye chavua, za ua la kwanza mpaka brashi iwe ya manjano, kisha upake stigma, yaani ncha ya katikati inayopokea chavua, ya ua la pili, na urudi kinyume chake. Usiilete chavua ya ndugu zake wenye miiba, kama Astrophytum capricorne, maana hushika kwa urahisi na machotara hayo yamejaa tayari sokoni kwa jina lisilo lao.

Tunda likishika, ua lililonyauka hubaki limekazana na uvimbe wenye sufi huanza kuonekana chini yake. Likiiva hukauka na kupasuka karibu na kitako, na mbegu zikaanguka juu ya mmea, ambako sisimizi huzibeba kabla hujaamka. Kwa hiyo lifunge tunda kwa kipande cha chandarua mara tu linapoanza kubadilika rangi. Anika mbegu kivulini siku 3, uzitie katika bahasha ya karatasi na kuiweka ndani ya kopo lenye punje za mchele mkavu, uandike juu yake mimea wazazi wote wawili na tarehe. Zisie Julai inayofuata, kwa kuwa mbegu za dungusi hili hupungua nguvu kila mwaka zinapowekwa, hasa katika kabati la nyumba ya pwani.